Kitanda cha Hotelini Makangale

Asalaam aleikum, mdogo wangu Time, na wote wa hapo Chake.

Niko Makangale, hoteli anakotengeneza vyumba Zuhura wangu. Wageni wa nje hawaji kwa korona, basi serikali inatulipia nusu sie wenyeji tuje kulala. Vyumba vikikosa watu, mwanangu atasimamishwa kazi.

Asubuhi nilitandika kitanda, nikafagia na chumba, kama mgeni mwenye adabu. Zuhura kaingia, kashika kiuno: "Mama! Ukinimalizia kazi, bosi ataniweka wa nini?"

Nikakivuruga tena kitanda, nikakaa kibarazani kama bibi harusi. Alivyokitandika, shuka haina mkunjo hata mmoja! Hoteli nzima hakuna wa kumfikia.

Mungu akupe afya, mpenzi. Njoo na wanao mlale, mvivuruge vitanda vyote, Zuhura yupo.

Dada yako,
Mama Zuhura