Mama, Ndani ya Silo Hakuna Hewa

Kalemie

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao. Mwili ni mzima, moyo ndio hautulii. Wewe umeamkaje? Goti linakuruhusu kutembea? Mimi ningali kwenye karakana ya mabati, nagonga nyundo kutwa mpaka milio naisikia hata nikila.

Simu yako naipiga, haiiti. Najua mmezificha zote, wenye bunduki wasizinyang'anye. Kinachoniletea habari za huko nyumbani Sange ni kile kidude nilichokufungia ndani ya silo ya mahindi, kile unachokiita mpelelezi wangu. Chenyewe hakiogopi mtu, kinanitumia kwenye simu mesaje za joto na unyevu kila mara. Juma lililopita unyevu ulipanda ghafla, ukashuka, ukapanda tena. Nikadhani paa linavuja, nikakulaumu kimoyomoyo.

Jana akashuka bandarini Mama Siuzike, yule muuza samaki wa ndagala wa Kalundu, anayefika soko la kwenu. Akanishika mkono huku anacheka: "Mama yako iko na akili, weye! Masasi ya bunduki ikianza kulia, anaingiza batoto bako mu silo, anafunga mufuniko sawasawa. Hata kilio haitoke inje!"

Mama, ule haukuwa unyevu wa mvua. Ni pumzi za watoto wangu.

Najua wazo hilo umelitoa wapi. Mimi mwenyewe ulinificha ghalani nikiwa mdogo, nikapona. Lakini ghala lile lilikuwa la matete, upepo ulipita kila upande. Silo hii ni ya bati, na mpira wa mfuniko nilikufundisha mwenyewe kuukaza. Mle fukusi hawafi kwa dawa, wanakufa kwa kukosa hewa. Mtoto naye atakufa hivyo hivyo, polepole, bila kelele, nawe utadhani amelala. Naogopa, Mama.

Usiwaweke tena mle, hata dakika moja. Chukua nyundo na msumari, uitoboe silo leo hii, juu na chini, mke wangu akiwepo ili naye aone. Mahindi yaliwe na fukusi, yaoze, sitauliza kitu. Masasi yakilia, laleni chini nyuma ya jiko la matofali. Njia ikifunguka, nendeni Songo kwa mjomba.

Barua hii anakuletea Mama Siuzike mwenyewe. Nimemwapisha asipitie sokoni kwanza.

Nisalimie mke wangu, umwambie asinikasirikie kwa ukali wa maneno haya. Nisalimie yule jirani yetu fundi baiskeli, na mjomba mkifika kwake. Wanangu Riziki, Kashindi na Zawadi usiwasalimie kwa pamoja. Waite mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja aitike.

Mwanao,
Bahati