Nilisema Chumba cha Babu Kimechukuliwa

Mpendwa Bi Roswitha,

Naomba msaada wako, na kama utaichapa barua hii naomba usiliweke jina langu, maana mimi ni msichana wa miaka kumi na mitano, walimu wangu husema nina adabu, na mpaka majira haya ya baridi nilikuwa nawaamini.

Kila mwaka, katika likizo ya Februari, familia yetu hutoka hapa Wels kwenda milimani Tirol kuteleza kwenye theluji, katika bonde lilelile, kwenye nyumba ileile ya wageni ya Bi Notburga, na tumekuwa tukienda tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu aliyeanza ni Babu, baba yake Mama, aliyefika pale akiwa kijana na mke wake, na Bibi alipofariki akaendelea kwenda nasi, na chumba chake ni kile cha chini, karibu na jiko la vigae linalopasha nyumba joto, mahali ambapo hahitaji kupanda ngazi. Mipango yetu hufanywa siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, tukishatoka makaburini, tumekaa mezani na ule mkate mtamu wa kusokotwa, kisha kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin mtu mmoja humpigia simu Bi Notburga na kumwambia tu, "Sisi kama kawaida," naye hujibu, "Kama kawaida, wanangu," na mambo yamekwisha. Mgeni wa siku zote hanyang'anywi chumba chake. Bi Notburga angekubali kulala zizini mwenyewe kuliko kumpa mtu mwingine chumba cha Babu.

Mwaka huu Mama alinipa mimi kazi ya kupiga simu. "Umeshakuwa mkubwa," alisema.

Sasa nikueleze kuhusu Babu. Huteleza akiwa amevaa nguo nyekundu ya kipande kimoja, kutoka shingoni mpaka miguuni, ambayo alinunua Mama alipokuwa darasa la kwanza, na imepauka makalioni. Kwenye kibanda cha chakula huko juu mlimani huagiza maji ya moto tu, halafu hutoa mfukoni chai yake mwenyewe, na mkate, na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, akaanza kukikata kwa kisu chake na kuwagawia watu asiowajua. Na akimwona mtu anateleza vibaya humpigia kelele kutoka juu kwenye lifti ya viti: "Magoti, bwana! Kunja magoti! Umesimama kama mshumaa wa Pasaka!" Mimi mwenyewe nilifundishwa na Babu, alikuwa anashuka kinyumenyume mbele yangu, amenishika mikono yote miwili, anasema, "Njoo, shomoro wangu, nitazame mimi, usiutazame mlima," na sikuwahi kuanguka.

Darasani kwetu kuna msichana nitakayemwita Philippa, ambaye kila mtu anataka kukaa naye, na familia yao huenda bonde lilelile, lakini wao hufikia hoteli kubwa yenye bwawa la maji ya moto juu ya paa. Februari iliyopita tuliporudi kutoka likizo alitoa simu yake, akatuonyesha video, akasema, "Tazameni huyu mzee wa makumbusho! Nani kamfungulia kabati?" Alikuwa ni Babu, kwenye lifti, anapiga kelele zake za magoti. Darasa zima lilicheka. Philippa akanigeukia, "We, si ndiko mnakokwendaga na nyie? Unamjua huyu?" Nikasema, "Hapana, wazee wako wengi kule," na nikacheka, Bi Roswitha, nikacheka kuliko wote.

Tangu hapo Philippa amenipenda. Mwezi wa kumi aliniambia, "Februari tutakuwa pamoja mlimani! Hatimaye nitawaona watu wa kwenu, Baba anasema mje mle hotelini kwetu." Nilienda chooni nikakaa huko mpaka kengele ikalia.

Nilipompigia Bi Notburga alipokea mwenyewe. "Kama kawaida, mwanangu?"

"Karibu kama kawaida," nikasema. "Babu haji. Magoti."

"Magoti? Yule? Mara ya mwisho si alimkimbiza mwalimu wa skii mteremko mzima?"

"Daktari amemkataza."

"Masikini. Mwambie jiko litanuna bila yeye."

Halafu nikaenda sebuleni nikawaambia wote kwamba chumba cha Babu kimechukuliwa, Bi Notburga amewapa watu wengine. Baba akasema, "Haiwezekani. Notburga huyuhuyu?" Mama akainuka kuchukua simu, lakini Babu akamzuia. "Acha, usimpigie, utamwaibisha," alisema. "Mwenyewe keshajua alichofanya." Baba akasema basi wamtafutie Babu chumba nyumba ya jirani, Babu akakataa. "Nilale ng'ambo ya barabara, yeye ananichungulia dirishani? Hapana. Nitaangalia mashindano kwenye televisheni, bia mkononi, soksi miguuni. Nani atanizidi?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka tena.

Lakini kila majira ya Krismasi Bi Notburga humtumia Babu mkate mweusi wa mapeasi makavu, naye huukata palepale mlangoni hata kabla ya kuvua koti, na mwaka huu kifurushi kimefika na Babu amekiweka juu ya kabati bila kukifungua. Kila jioni hushuka chini kwenye ghala akapaka nta skii zetu ili mbao ziteleze vizuri, anaiyeyusha kwa pasi ya zamani ya Bibi, za Mama, za Baba, zangu. Za kwake amezigeuza zikatazama ukuta.

Wiki iliyopita Bi Notburga alinipigia mimi. Alisema nisimwambie mtu, lakini haya ni majira ya arobaini ya Babu nyumbani kwake, na kijiji kimejiandaa kumtunuku mgeni wao wa siku nyingi, ukumbini, mbele ya wageni wote, na bendi ya tarumbeta na beji ya fedha yenye ua la mlimani. "Kama hawezi kuja," alisema, "nitapanda treni nimletee beji mwenyewe, siku ya pili ya Krismasi. Na chumba chake sijampa mtu, nimekiacha wazi, magoti huwa yanapona. Muulize kama nije." Nikasema nitauliza. Sijauliza.

Bi Notburga akija, yote yatajulikana. Babu akienda, Philippa atakuwa ukumbini, maana wageni wa hoteli nao hualikwa. Nimeshaitayarisha sentensi ya kumwambia Bi Notburga, kwamba Babu hapendi wageni siku hizi, na ninapoirudia kichwani inasikika kweli kabisa, na hilo ndilo linanitisha. Lakini pia nimefikiria jambo jingine, na ndiyo sababu nakuandikia. Je, naweza kuwaambia nyumbani kwamba chumba kimepatikana, wale watu wengine wameahirisha, ili Babu aje na Bi Notburga afurahi na asiwepo mtu wa kuumia? Ninajua nimefanya vibaya. Natumaini bado kuna njia ya kurekebisha ambayo haimwumizi Babu tena.

Wako mwenye aibu,
Mjukuu, Wels

BI ROSWITHA ANAJIBU:

Binti yangu, ile sentensi uliyoitayarisha itupe leo. Usiihifadhi kwa dharura.

Nikuambie kwanza jambo ambalo sitakugombeza kwalo. Kuona aibu kutembea na mzee mwenye nguo iliyopauka, anayewapigia kelele watu akiwa kwenye lifti, si ubaya wa moyo. Umri wako una ugonjwa huo, na hupona wenyewe. Wangetundikwa wote walioona aibu kwa ajili ya wazee wao kwenye foleni ya lifti, pasingebaki mtu wa kuteleza Tirol nzima.

Nitakugombeza kwa hili: unadhani umemkosea mtu mmoja, na umewakosea wawili. Babu yako amepoteza chumba. Bi Notburga amepoteza jina lake, tena hajui. Kwa mama mwenye nyumba ya wageni, kumpokonya mgeni wa miaka yote chumba chake ni kosa ambalo majirani wangemsema mpaka kaburini, na wewe umemtwika kosa hilo wakati yeye anakitunza chumba kitupu katika wiki ambayo bonde zima limejaa. Ndiyo maana njia yako nzuri ya "chumba kimepatikana" ni mbovu. Babu atafika pale akiwa mgeni aliyepewa makombo ya watu wengine. Atamsalimia Bi Notburga kwa adabu, kwa ubaridi, na huyo mama atakaa usiku kucha akijiuliza amemkosea nini. Na huyo mwenye majibu utakuwa wewe, umekaa katikati yao ukinywa supu.

Halafu soma tena barua yako mahali ulipoandika maneno ya Babu: "Usimpigie, utamwaibisha." Aliamini ametupwa, na jambo la kwanza alilofikiria ni kumkinga na aibu yule aliyemtupa. Wewe ulikuwa umesimama palepale. Nadhani ndilo linalokukosesha raha.

Sasa fanya hivi. Leo, ukishaosha vyombo, mpigie Bi Notburga. Sema: "Babu ni mzima. Nilikudanganya, na nyumbani nilisema wewe umekitoa chumba chake." Yote mawili, kwa mdomo wako, bila kumtaja Philippa. Usimwombe akufichie. Mwombe akishikilie chumba siku chache, na umwambie asikate tiketi ya treni mpaka Babu mwenyewe azungumze naye. Atakugombeza. Sikiliza mpaka amalize, usikate simu.

Kisha shuka kwenye ghala wakati Babu anapiga pasi nta yake. Si mezani, si mbele ya wazazi. Hao utawaambia baadaye usiku huohuo. Mwambie chumba hakijawahi kuchukuliwa. Atakuuliza kwa nini ulisema hivyo, na hapo ndipo ulimi wako utatafuta mlango wa nyuma: mitihani, afya yake, barafu. Usiingie. Sema: "Niliona aibu kuonekana na wewe." Ni maneno mabaya, na utayaona yakimwingia usoni. Lakini mtu aliyenyang'anywa kitu ana haki ya kujua ni nani alimnyang'anya na kwa nini, la sivyo ataendelea kumshuku asiyehusika. Video usimwambie. Kicheko cha darasa lenu hakimsaidii kitu. Unachomwambia ni kosa lako, si la Philippa. Na sherehe ya beji usiitaje hata kwa kumbembeleza. Hiyo ni zawadi ya Bi Notburga, umeshamharibia vya kutosha.

Kuhusu Philippa: kabla ya Februari, shuleni, mwambie, "Yule mzee kwenye simu yako ni babu yangu." Sentensi moja, kisha nyamaza umtazame. Pengine uso utamshuka aifute ile video, na huyo utaweza kumpeleka hata kwenye jiko la Bi Notburga. Pengine atacheka. Basi utakuwa umemjua ukiwa bado Wels, si mlimani mbele ya Babu.

Umeniomba njia isiyomwumiza tena. Sina. Ninayo tu inayomwumiza mara moja, kwa ukweli, badala ya kila jioni kwa uongo.

Na jitayarishe kwa hili pia: anaweza kukataa kwenda. Anaweza kusema ni mzee, amechoka, nendeni ninyi. Hapo usilie ili yeye aache kila kitu aanze kukubembeleza. Usimsihi akusamehe palepale ili ulale vizuri. Bakia pale chini. Kama kuna skii haijapakwa nta, ishike. Akikuambia utoke, toka. Kesho jioni shuka tena.