Mashine Isiyojua Kulisha

Accra, 3 Machi

Mjomba Badu,

Shikamoo. Habari za Mampong, na magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ni joto tu la huku linalotutoa roho.

Mama ananiambia kwamba tangu rafiki yako Ntim ahamie kwa binti yake Takoradi hutoki nje, unakula umesimama, na ubao wa oware, lile bao mlilokuwa mkicheza naye, umeusukumia uvunguni. Mjomba, jambo hili linaninyima raha. Ndiyo maana nakutumia simu hii. Ndani yake kuna gemu ya oware niliyoiandika mwenyewe, jioni jioni baada ya kazi. Ukigusa shimo, kete zinajigawa. Mashine itacheza nawe saa yoyote, na haihami.

Mpwa wako,
Serwaa

Mampong, 9 Machi

Serwaa mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yanalalamika kama kawaida yao. Simu imefika. Kila asubuhi inaniomba ruhusa ya jambo nisilolijua, nami naikubalia tu, yaishe.

Lakini hiyo gemu yako! Jana imenila kete hadi upande wangu ukabaki mtupu, ikaniandikia "Umeshindwa" na kunipigia tarumbeta. Nani kaifundisha adabu hiyo? Mwenzako akiishiwa, lazima ucheze kete za kumlisha. Hata mchawi analisha! Nimeifunika kwa sufuria.

Mjomba wako mwenye hasira,
Badu

Accra, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa tarumbeta. Nimecheka hadi wenzangu ofisini wakageuka, kisha nikaona haya. Nilipokuwa mdogo, kila nilipoishiwa ulinipa kete. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa unanihurumia. Sikujua kumbe ni sheria.

Nimeirekebisha. Ifunue.

Mpwa wako,
Serwaa

Mampong, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sasa inalisha, ahsante. Ila nilikuhurumia pia, usijidanganye. Ulikuwa unacheza vibaya sana.

Tatizo ni kwamba inacheza kimya. Ntim akinila alikuwa anasema, "Badu, mkono wako umelala, utandikie kitanda!" Hii mashine hainitukani, nami nikiitukana haiumii. Oware bila matusi ni supu bila chumvi. Nikiizima naona uso wangu kwenye kioo, basi. Nina upweke, Serwaa. Kwako sitaficha.

Mjomba wako,
Badu

Accra, 22 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeumia.

Basi tuipe mashine mdomo. Nenda pale kwa kinyozi Frimpong wanapocheza, uwarekodi matusi yao. Hii ni kazi, mjomba, si matembezi. Usipoyaleta, gemu itabaki bubu.

Mpwa wako,
Serwaa

Accra, 30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Kulikoni? Gemu huniambia kila inapofunguliwa, na haijafunguliwa tangu ile wiki niliyokuandikia. Napiga simu, haipatikani. Mama naye yuko msibani Tamale, sina wa kumtuma. Kama ni magoti, sema. Kama nimekuudhi, sema pia. Nimeogopa.

Serwaa wako

Mampong, 2 Mei

Serwaa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kabisa, na nisamehe.

Nilikwenda kwa Frimpong kama ulivyonituma. Nimesimama na simu yako nimeinyoosha mbele, fundi cherehani mmoja, Osei, akanitazama akasema, "Mzee, umekuja kucheza au kutupiga picha za pasipoti?" Watu wakacheka. Ningefanyaje? Nikakaa, nikamla. Kesho yake akanila yeye, na tangu hapo sijakosa hata siku moja. Ubao nimeutoa uvunguni, uko huku. Simu iliisha chaji, nikaisahau kwenye droo pamoja na mashine za kunyolea. Leo Frimpong ameichaji, ndipo nimeona ulivyonitafuta.

Sikurekodi hata tusi moja. Yote ninayo kichwani, njoo Jumamosi uyachukue mwenyewe, ingawa mengine hayafai kumwambia binti. Na hiyo gemu usiitupe. Mtumie Ntim, huko Takoradi bado hana mtu. Yale maneno ya mkono uliolala nitamsemea mimi kwa sauti yangu, uyatie ndani, ajue nani anamla.

Naishia hapa. Osei ameishiwa kete, kibanda kizima kinanikodolea macho, na ni zamu yangu kumlisha.

Mjomba wako,
Badu