Matusi Yaliyofunga Ukurasa

Shemeji yangu mchokozi,

Huku tu wazima, magoti tu ndiyo yanagoma. Nimekuwa kimya kwa sababu kampuni ya mtandao wa kijamii imeufunga ukurasa wangu, eti nilipokutania kwamba nitakutafuna mbichi nilikutishia maisha!

Binti yangu mwanasheria anacheka. “Baba, katiba inaibana serikali tu, si kampuni. Ile ni nyumba ya watu.”

“Nyumba iliyokusanya ukoo mzima sebuleni,” nikamwambia, “nayo ibanwe.” Serikali iliponifukuza kazi kwa maneno yangu, walau hakimu alinisikiliza. Safari hii imenijibu mashine.

Kaka yangu anaendeleaje tangu apasuliwe? Habari zake nilizipata kule ukurasani tu. Mshikishe kalamu, aniandikie chochote, hata matusi. Hasa matusi, nijue amepona.

Shemeji yako wa mbali