Damu ya Pande Mbili

Siku ya kwanza, 7 mai 2001
Kahawa imekauka. Tulipakia mifuko asubui, tukatoka Butembo kwenda Beni, miye na bwana yangu Kosta. Kwa barrière ya njia, soldat akaomba feuille de route, ile karatasi ya safari. Kosta akacheka.
— Basoda banafanya nini hapa? Kuko vita?
Soldat akamupiga kofi. Nikalia: "Afande, samahani, ni mugonjwa!" Nilisema vile atuachilie tu. Kisha nikamuangalia Kosta. Hakukuwa anacheza. Miaka yote hii tunakimbia, na yeye hajui kuko vita.

Siku ya tatu, 9 mai
Dada ya Kosta wa Ugriki, mutoto wa baba yake, alipiga kwa telefone ya bapadri wa paroisse. Baba yao, ule Mugriki, alikufa vile, amesahau hata jina lake. Dada mwenyewe alipimwa damu: iko na ile gène ya kusahau, ya kuriti kwa bazazi. Anaomba Kosta apimwe. Tuko na batoto ine.

Siku ya tano, 11 mai
Docteur wa Beni anasema machine ya kupima ile haiko hapa. Kwa bazungu, gène ile inaongeza hatari sana. Kwa sisi beusi, bengi banayo, mais kwenye balipima, haionekani kuwa na nguvu vile. Sababu hawajui.
— Na métis, wa damu mbili, kama bwana yangu?
Docteur akafunga kitabu yake. "Mama, kwa bale sijasoma kitu."
Batoto? Inaweza kupita kwao, inaweza kubaacha. Siku muzima nilimutukana ule Mugriki mufu ndani ya roho.

Siku ya posho, samedi 12 mai
Bungulu, hapa Beni, kwa mama-mukwe, mama ya Kosta. Amezeeka, mais akili yake safi. Nilimuambia: ni damu ya muzungu wako. Akaacha kumenya ndizi.
— Hapana damu yake peke yake. Dada yangu alisahau vile. Balisema ni mulozi, muchawi. Balimufungia ku nyumba ya mbuzi, kule Lubero. Akafia mule.
Hata Kosta hakuambiwa. Pande zote mbili!

Siku ya Mungu, 13 mai
Hatukuenda misa. Anna, mukubwa wetu, anaishi hapa na nyanya yake. Nilimuelezea yote.
— Maman, hapana munipime. Sitaki kujua.
Akabeba kiti inje, akanyoa baba yake ndevu, polepole. Kosta alifunga macho, anasikia utamu. Anna akarudi ndani ya nyumba kutwala taulo. Nilimuona kwa mulango: amesimama katikati ya salon, anatafuta kukumbuka kile amefwata.
Kisha akatwala taulo, akatoka.