Yaya wa Olive

Jumapili, 17 Mei 2009. Rissne

Baba mdogo Onésime amekataa. Amenipigia kutoka Norsborg baada ya ibada, hata habari za nyumbani hakuuliza. Haendi Uingereza. Tangu lini upande wa binti ukafunga masanduku kuwafuata wakwe? Wao ndio waje, wabishe hodi, wangojeshwe mlangoni. Nimemweleza tena, sijui mara ya ngapi: wazazi wa Obiero, mchumba wa Olive, hawapo, aliyemlea ni shangazi yake Leokadia, na Leokadia amepasuliwa goti, hawezi kupanda ndege. Akasema goti si letu.

Basi nitakwenda mimi. Nitakaa kwenye kiti cha wazazi na nitasema mimi. Olive kanikumbatia pale jikoni, eti, "Nani mwingine, yaya?" Huyu mtoto hajawahi kuniita Célestine. Yaya tu, kama kwetu Uvira unavyomwita mkubwa wako wa tumbo moja.

Jumatano, 20 Mei

Zamu ya tvättstuga, kama Waswidi wanavyoita chumba cha kufulia cha jengo, ilikuwa yangu, jina langu liko pale ukutani, nafika na kapu — jirani amejaza mashine zote mbili. Kitenge cha posa ya Jumamosi nimekifua kwenye beseni ya kuogea. Mgongo unaniuma na nina hasira bado.

Hotuba nimeifanyia mazoezi bafuni. Naanza vizuri: sisi ni watu wa Uvira, tumekuja kwa amani. Nikifika kwa baba na mama sauti inakatika. Vita iliwachukua wote wawili, Olive ana miaka minane, nikamvusha ziwa hadi Kigoma. Kule kambini alikuja mwanaume wa adabu kunitaka. Alisema tuoane, ila mtoto apelekwe kwa jamaa. Nikamwambia apelekwe yeye.

Sijutii. Lakini Jumamosi nataka kusikia mtu akisema mbele za watu kwamba nimelea. Mara moja inatosha.

Alhamisi, 21 Mei. Kwa Leokadia

Sikukuu ya Kupaa, na sisi tumepaa kweli. Basi hadi Skavsta, ndege, treni, treni nyingine, halafu teksi ya mzee aliyeendesha kama anabeba mayai. Olive njia nzima ananitengeneza. Yaya, usiongee kwa sauti. Yaya, usimuulize bei ya nyumba. Kana kwamba nimetoka porini jana.

Kijiji chenyewe kiko mwisho wa dunia. Nyumba za mawe, milango mifupi, kimya. Leokadia katupokea na magongo yake. Mama mnene, mcheshi, Kiswahili cha Kenya. "Karibu Olive, karibu yaya." Nimefurahi jamani. Hajanijua hata dakika moja na ananiita yaya, kama mtu wa nyumbani. Nikajiambia, hawa ni watu wenye heshima.

Olive kapewa chumba cha juu. Mimi nimewekewa kitanda katika chumba cha wajukuu, mapacha wa miaka mitano, Apiyo na Adongo. Nyumba ni ndogo, nimeelewa. Mezani pia nimewekwa kati yao. Leokadia ameniuliza nimekaa na Olive tangu lini. Nikasema tangu ana miaka minane.

"Wewe ni mvumilivu," akasema. "Siku hizi hawakai hivyo."

Hilo la mwisho sikulielewa vizuri. Nimeona ni sifa tu.

Obiero hayupo. Yuko kazini Leeds, atafika Jumamosi.

Ijumaa, 22 Mei

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelipata asubuhi ya kwanza. Nimeamka, nguo za mapacha zimepangwa kitandani kwangu, na Leokadia anauliza kama nitawaosha kabla au baada ya chai.

Nilitaka tukae tupange mambo ya kesho. Nani anaanza kusema, nani anajibu, wanakuja wangapi. Kila nikifungua mdomo: baadaye, baadaye, nenda kwanza ukaone kijiji. Mume wake, Mwingereza mstaafu, ndiye katutembeza, mimi na mapacha. Olive kabaki na Leokadia, wanachagua maua. Mzee anaongea nami polepole na kwa nguvu kana kwamba sisikii. Nyumba hii ina miaka mia nne. Ile zaidi. Kanisa lingeweza kumeza kijiji chote na nafasi ikabaki. Eti zamani hapa palikuwa bandari kubwa, meli zinapakia sufu, matajiri kila kona. Halafu tope likajaa, bahari ikaenda zake. Sasa ni kinamasi hadi macho yachoke.

Kinamasi! Mimi niliyekua karibu na mdomo wa Ruzizi, nije nionyeshwe tope. Kule angalau kuna viboko. Hapa kuna ndege wembamba wenye midomo mirefu, na wazee wenye darubini wanaowatazama bila kusema neno. Mashua zimelala ubavu kwenye matope. Adongo katumbukia hadi magotini, nikamtoa, buti moja likabaki chini. Mzee anaendelea tu na habari za sufu.

Tukiwa pale maji yakaanza kurudi. Yanaingia kwenye vijito bila sauti, na mashua zikasimama zenyewe. Ziwa letu halina tabia hiyo. Hilo nakubali, lilikuwa zuri.

Jioni ndipo nilipopigwa.

Tunakula. Leokadia anapanga kesho, hatimaye. Ndugu zake wanne wanatoka London, saa sita watakuwa hapa. Akanigeukia, eti, "Yaya, wewe utawachukua watoto uende nao kule kinamasini, sisi watu wazima tuzungumze."

Nikacheka. Nikasema, lakini ninayezungumza ni mimi.

Akacheka na yeye, kwa upole kabisa. "Kwenu Kongo yaya anazungumzia posa? Kwetu yaya analea watoto, analipwa, mambo ya ukoo hayamhusu."

Kijiko kimebaki hewani. Kumbe. Siku mbili hizi mimi ni mtumishi hapa. Ule uvumilivu, kile kitanda, zile nguo. Nikamtazama Olive, nikamwambia, mweleze mama. Neno dogo tu: kwetu yaya ni dada mkubwa. Olive akatazama sahani. Kisha akanijibu kwa Kiswidi, chinichini, kwamba tutaongea baadaye.

Kwa Kiswidi. Mbele ya watu wasiokijua.

Nimemvuta uani kabla vyombo havijaoshwa. Analia. Anasema si yeye aliyedanganya. Alimwambia Leokadia kwenye simu kwamba anakuja na yaya wake, basi, Leokadia akaelewa vya Kenya, akafurahi, akawatangazia wa London kwamba mchumba ametoka kwenye nyumba ya watu wenye uwezo, hadi leo anasafiri na yaya wake. Olive kalijua hilo wiki mbili zilizopita na kanyamaza. Alijisikia vizuri, anasema. Mara moja tu maishani watu hawakumwona mkimbizi.

"Kesho tu, yaya. Baada ya kesho nitawaeleza."

Nikamuuliza kesho atasema nani. Ameshapanga! Baba mdogo Onésime amekubali kusema kwa simu, itawekwa mezani, sauti ya mwanaume. Yule yule wa goti si letu.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, wanasema. Hawasemi malipo yake. Nimeumia. Nimeumia sana, na mbaya zaidi nilimfuta machozi yeye.

Jumamosi, 23 Mei. Kwenye benchi, ukingo wa kinamasi

Sikuvaa kitenge. Wale wa London waliposhuka kwenye magari yao, suti na vilemba, mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu vya Apiyo. Mmoja kanisalimia, "Yaya, hujambo," akapita. Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Olive alikuwa amesimama mlangoni, amevaa vizuri, na nikaona kama nikisema nitambomoa mbele yao. Nikawashika watoto mikono nikatoka.

Najilaumu. Halafu namlaumu. Tangu asubuhi nabadilishana.

Mapacha wanarushiana tope. Nimechoka kuwakataza, waoshwe na bibi yao. Gari la Obiero limepita barabarani sasa hivi, nimelitambua, hakuniona. Yeye ananijua. Amekula sombe yangu Rissne, ananiita shemeji. Akiingia ataniulizia, na sijui Olive atajibu nini.

Simu. Ni Olive. Anaongea mbio. Baba mdogo hashiki simu, wamempigia na kumpigia. Wazee wamekaa mezani wanangoja. Obiero ameuliza mbele ya wote, yaya yuko wapi, na Leokadia akamjibu, yuko na watoto, atakuwa wapi tena? Obiero kachanganyikiwa, anamtazama Olive. Wanataka mtu wa upande wetu, sasa hivi. "Njoo, yaya. Tafadhali njoo useme."

Nikamwambia nitakuja. Nikamuuliza nitakuja kama nani.

Nilisikia vikombe. Nilisikia Leokadia akiuliza kwa nyuma, unaongea na nani?

Olive akajibu, kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni yaya."

Kisha simu ikakatika.

Sijui alisema kwa Kiswahili chao au chetu. Maji yanapanda upande huu wa njia, Adongo ananivuta, anauliza tunarudi nyumbani au bado. Nimesimama. Nimekaa tena.