Mama Mkwe Ameota Ndevu kwenye Turubai

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwahi, maana Jumapili imeshafika mlangoni.

Mimi ni mchoraji wa sura za watu kwa rangi za mafuta juu ya turubai, nimeoa huu ni mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa miaka yote hiyo mama mkwe wangu hajawahi kuniita jina wala mwanangu, huniita "huyo mpaka rangi", hata nikiwa nimekaa mbele yake namkaribisha chai, basi Jumapili hii anatimiza miaka sabini na mke wangu akamshawishi akae nimchore, nami nikaona hii sasa ni kufa au kupona. Alikaa jioni sita, mshauri, sebuleni kwetu karibu na dirisha, ya kwanza alininunia kama mtu aliyeibiwa kuku, ya pili akauliza kama bado, lakini ya nne akaanza kunisimulia zamani alipokuwa mpiga chapa ofisini, jinsi alivyoikalia kofia ya bosi wake ikabonyea, akaificha chini ya meza siku nzima huku bosi akiitafuta na yeye akimsaidia kutafuta, akacheka, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka, nikakidaka kile kicheko kwa brashi hivyo hivyo, mdomo wazi na pengo la jino la mbele likionekana. Jioni ya sita niliifunika picha asiione, nikamwambia nimebakiza kidogo tu, na kweli nilikuwa nimebakiza kuzing'arisha hereni tu.

Kilichonituma kuipeleka kwa wenzangu wiki iliyopita sikijui. Tuna kikundi cha wachoraji, tunakutana kila Alhamisi chumba cha nyuma cha duka la fremu kutoleana maoni, na sheria yetu ni kwamba mwenye picha hajitetei, anashika brashi, ananyamaza, na anachoambiwa anakirekebisha palepale, kwa sababu rangi ya mafuta haikauki upesi. Aliyeanza ni mwandika mabango, akasema pua haina mfupa, akageuka ubavu na kunyoosha kidole kwenye pua yake mwenyewe, "Tazama hapa mwanga unavyoshuka. Si unaona?" Nikaona, na mimi nikiona kitu nakichora. Dada mmoja ambaye huchora maua tu akasema nyusi zimelala, akainua zake, nami nikaziinua. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake na taya lake, akasema mdomo wazi unaondoa hadhi, sura ya mtu mzima inafungwa na kidevu kinakaa imara, akavuta kiti kabisa akakaa na kukaza kidevu chake, nikakitazama na kukichora kwa nusu saa nzima, na alikuwa hajanyoa tangu Jumatatu.

Wakanipigia makofi. Mara akaingia mwenye duka kupima fremu, akasimama mbele ya picha, akafurahi kweli, akasema, "Mwenyekiti, hongera! Umetoka vizuri sana. Ila hereni za nini?" Na unajua wenzangu walisemaje, mshauri? Walisema basi hereni ndizo zenye kosa, nizitoe; hizo sijazitoa bado.

Nyumbani mke wangu aliitazama akauliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikamwambia ni mama yako, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka ghafla. "Baba watoto, ndugu zangu wote wanakuja Jumapili. Na mimi hii picha sijaiona, umenisikia? Sijaiona."

Sasa nifanyeje? Niseme ni mtindo wa kisasa? Nijifanye mgonjwa? Mwandika mabango ananiambia niandike chini, kwa herufi kubwa, jina la mama mkwe ili watu wasikosee. Mshauri, mimi yule mama nilikuwa nimeanza kumpenda, na jioni ya sita wakati anaondoka aliniambia "kesho basi", akasahau kwamba tumemaliza, na nikikumbuka hilo naona aibu hata kuitazama picha yenyewe.

Ni mimi, mkwe niliye mashakani.

JIBU

Mkwe uliye mashakani,

Barua yako imezitangulia nyingine kwa sababu ya hiyo Jumapili. Nikiri kwanza kwamba nimecheka, mhariri wangu amecheka, na hata anayetuletea chai alisomewa akamwaga chai. Pole sana. Haya, sasa kaa vizuri nikuseme.

Una akili gani wewe? Mtu amekaa mbele yako jioni sita, halafu unakwenda kuuliza habari za pua yake kwa watu ambao hawajamtia machoni! Wenzako sina ugomvi nao. Waliulizwa pua ikoje, wakaonyesha iliyo karibu, na kila mtu pua iliyo karibu naye ni yake. Ungeniuliza mimi, saa hizi mama mkwe wako angekuwa na mashavu yangu, na hayo simtakii mtu. Waulize wenzako kama rangi ya nyuma imezidi giza, au kama mkono umekaa vibaya. Kuhusu sura ya yule mama, kwenye chumba kile mjuzi ulikuwa wewe peke yako, na wewe ndiye uliyekatazwa kusema. Sheria ya namna hiyo ivunjwe.

Lakini kilichonikera zaidi si ndevu. Mwanamke aliyekununia miaka kumi na moja amekupa kicheko chake na pengo lake, wewe ukaja kuufunga ule mdomo kwa sababu ya hadhi! Hadhi ya nani? Hapo nilitamani nikuvute sikio.

Mtindo wa kisasa usiutaje. Mgonjwa usijifanye, mama mkwe atakuja kukujulia hali na picha ataikuta. Na mwandika mabango abaki kwenye mabango yake.

Rangi bado mbichi, umesema mwenyewe. Leo hii chukua kisu na tambara la tapentaini ya kufutia rangi, kwangua uso wote kuanzia kidevu mpaka nyusi, na usibakize kitu kwa kumwonea mwenyekiti haya. Hereni ziache. Kisha mpigie simu mama mkwe, wewe mwenyewe, si mkeo, maana mkeo ameshasema hajaona kitu. Usizunguke. Mwambie, "Mama, picha ilikuwa nzuri, nikaiharibu kwa kusikiliza watu. Naomba ukae tena." Atakugombeza. Mwache akugombeze mpaka achoke, mtu hamgombezi hivyo asiye wake. Akisema hana nguvu ya kuja, beba turubai na rangi ukamchore kwake, hata jikoni.

Una siku tatu, zinatosha. Ikifika Jumapili haijakauka, ifunue hivyo hivyo na uwaambie ndugu wasiiguse. Na ukishamaliza, usinitumie mimi hiyo picha uniulize naionaje. Muulize yeye.